Soketi Zisizolia

"Fundi wangu ndiye alichagua hizo soketi."

Bosi wangu alisema hivyo mbele ya kamati ya maji, huko kwetu Mwala, akiwa amesimama mlangoni mwa kioski na mikono mfukoni. Hakupaza sauti. Hakuninyooshea kidole. Aligeuza tu kichwa kidogo upande wangu, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo. Mama yangu alikuwa ameketi juu ya mtungi mtupu, hatua kama nne kutoka pale, na alisikia.

Nimejaribu kuyaandika haya mara tatu kwenye daftari langu, na mara tatu nimechana ukurasa, kwa sababu nikifika kwenye hayo maneno kalamu inakwaruza karatasi hadi inatoboa. Kinachonichoma zaidi ni kwamba hakusema uongo. Mimi ndiye niliyechagua. Angedanganya ningekuwa na mahali pa kusimama. Kwa hivyo nitaeleza yote, ya kwake na ya kwangu, na nikiona nimejipendelea mahali nitarudi nyuma nirekebishe.

Karakana yetu iko Machakos mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo. Bosi ana diploma ya mambo ya umeme. Yeye ndiye huchora bodi za saketi, hutafuta kazi, na huongea na watu wenye tai. Mimi nilisoma hadi kidato cha pili. Kulehemu nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza redio sokoni, na baada yake nimelehemu kila kitu kilicholetwa mbele yangu. Mikono yangu ni mizuri. Hilo hata bosi husema, na hulisema mbele za watu, lazima niliandike.

Kazi ya Mwala ilikuwa hivi. Chini mtoni kuna bwawa la mchanga, ambamo maji hukaa chini ya mchanga, na kando yake pampu ya sola. Juu, karibu na barabara, kuna tangi na kioski cha maji. Kati yake tulifukia kebo ya mtandao, aina ile ile unayoiona nyuma ya kompyuta za saiba, kama hatua themanini. Kisanduku kimoja kinakaa kwa tangi, kingine kwa pampu. Cha juu kinasema tangi limepungua, cha chini kinawasha pampu. Cha juu kinasema limejaa, cha chini kinazima. Vikikosa kusikilizana, pampu haiamki. Swichi ya kuwasha kwa mkono haikuwekwa, kamati yenyewe ilikataa, kwa sababu pampu ya kwanza iliungua ikivuta mchanga mkavu baada ya aliyeiwasha kwenda zake sokoni.

Kabla ya kioski, mama alikuwa akishuka mtoni na kikombe cha bati, anachimba mchanga, anangoja maji yachuruzike, anachota kikombe kwa kikombe hadi mtungi ujae. Mgongo wake si wa kazi hiyo tena. Bosi alipopata hiyo kazi nilifurahi kwa sababu ambazo sikumwambia.

Kila kisanduku kina soketi moja, pale kebo inapoingia. Ni kitundu cha pembe nne chenye meno manane ya shaba ndani na taa mbili ndogo usoni. Kwenye orodha ya vitu vya kununua bosi aliandika namba ndefu ya soketi, na kando yake, kwa penseli, "zenye koili ndani." Aliandika. Nimeikagua hiyo karatasi mara nyingi nikitumaini hakuandika, lakini imo. Koili za kufanya nini hakueleza, nami sikuuliza. Mimi kuuliza huniwia vigumu. Naona kama nikiuliza nitakuwa nimesoma hadi kidato cha pili kwa sauti.

Nilinunua kumi, kwa mama mmoja wa rika langu ambaye duka lake liko karibu na soko. Nikarudi nazo karakana, nikaketi, nikatoa mita ya kupimia umeme.

Yule mzee wa redio alinifundisha jambo moja kabla ya yote. Usichomelee kitu ambacho hujapima. Geuza mita hadi kwenye alama ya mlio, waya mmoja mbele, mwingine nyuma. Ikilia, kitu ni kizima. Isipolia, kimekufa. Swichi, fyuzi, plagi, waya, nimevipima hivyo miaka yote, na mafundi wote ninaowajua mjini hupima hivyo hivyo. Ukipita vibanda vyetu asubuhi utasikia tii, tii, tii, kama vifaranga.

Nikaweka waya mmoja kwenye jino la kwanza ndani ya soketi, mwingine kwenye pini ya kwanza chini, pale soketi inaposhika bodi. Kimya. Jino la pili, kimya. La tatu, la sita, kimya. Nikachukua soketi nyingine, hivyo hivyo. Halafu nikagusa pini ya kwanza na ya pili, ambazo kwa akili yangu hazifai kujuana kabisa. Tiiii. Zote kumi. Panapofaa kulia hazilii, na pasipofaa zinalia.

Mtu mwenye akili angejiuliza, soketi kumi zinawezaje kuharibika namna moja? Mimi nilikasirika tu. Niliwatukana Wachina. Nilimtukana mwenye duka. Nikampigia bosi simu.

Siku hiyo alikuwa Kithyoko, juu ya paa la mtu, akifunga sola. Nilisikia nyundo.

"Soketi zote zimekufa," nikamwambia.

"Zimekufaje?"

"Hazilii."

"Zote?"

"Zote kumi. Na pini moja na mbili zimegusana."

Nyundo ikaendelea. Halafu akasema, "Basi rudisha, akupe zinazolia. Niko juu ya mabati hapa, nitaanguka."

"Za namba hiyo hiyo?"

"Zinazoingia kwa matundu! Si wewe ndiye fundi?"

Niliyaandika jioni hiyo hiyo kwenye daftari, ndiyo maana najua siyatungi. Na nyundo nimeiandika pia, kwa sababu kweli alikuwa juu ya paa, na paa lenyewe lilikuwa la watu wengine na jua lilikuwa kali.

Dukani nilizimwaga juu ya kaunta. "Mama, umeniuzia maiti kumi."

"Maiti hazitoki kwangu," akasema bila kuinua macho kwenye simu yake. "Labda umeziua wewe njiani."

Nikampimia moja mbele yake. Kimya. Nikampimia nyingine. Akashika mdomo. "Ai! Na hizi ni za bei. Huyo mtu wa Nairobi anayeniletea mali ananiona mimi mshamba." Akavuta droo ya chini. "Jaribu hizi. Watu wa saiba ndio huchukua hizi, na hawajawahi kurudi kunipigia kelele."

Tii. Tii. Tii. Jino la kwanza na pini ya kwanza, la pili na ya pili, hadi la nane. Na pini jirani zimenyamaza, kila mtu na lake.

"Unaona? Kwaya!" akasema. "Leta hizo maiti, nimrudishie mwenyewe."

Kwenye droo zilikuwamo tisa tu. Nikachukua tisa, nikamrudishia tisa, na ile ya kumi nikabaki nayo ili ning'oe taa zake siku moja. Wakati wa kuzitia mfukoni niliona kwamba hizi mpya ni nyepesi. Sura ni ile ile, upana ule ule, pini zinaingia kwenye matundu yale yale, lakini ni nyepesi. Niliona. Siwezi kusema sikuona. Nikajiambia ni plastiki nzuri.

Basi nikazilehemu. Tukaunganisha visanduku viwili hapo mezani kwa kebo fupi kama mkono, taa zikawaka, vikasikilizana. Bosi akainama, akaangalia bodi kwa karibu, pua karibu iguse soketi, akasema, "Safi." Hakusoma namba iliyopigwa chapa ubavuni. Siandiki hili ili tugawane kosa. Naandika kwa sababu aliinama kweli, na mimi nilikuwapo.

Maji yalitoka. Kwa majuma kadhaa ya kiangazi yalitoka kila siku, na mama alinipigia simu jioni moja kunichekesha. "Hiyo kisanduku yako iko na adabu kukushinda," akasema. "Ikishiba inanyamaza. Wewe ukishiba ndio unaanza kuongea."

Halafu mvua ikaja.

Radi haikupiga kioski. Haikupiga pampu. Ilipiga mgunga ng'ambo ya mto, mbali, mpaka watu wakaenda kuuangalia siku iliyofuata jinsi ulivyopasuka. Lakini pampu haikuamka tena. Tulipofika na bosi kwa pikipiki yake, tukafungua visanduku, tukakuta katika vyote viwili ile chipu inayopokea mambo ya kebo imefanya tundu jeusi katikati, kama jino bovu.

Kamati ilikuwa imekusanyika kioskini. Mwenyekiti wao hufuga mbuzi, na ana ulimi.

"Kwa hivyo tuliletewa kisanduku kinachoogopa mvua," akasema. "Huku kwetu! Mahali mvua yenyewe inakuja kama mgeni, mara mbili kwa mwaka, na hata hapo inakuja ikiangalia saa."

Watu wakacheka. Bosi akajaribu kueleza mambo ya umeme wa radi unaosafiri ardhini na kuingia kwenye kebo. Aliongea vizuri. Mwenyekiti akamkata.

"Sisi hatukuuliza radi inasafiri na nini. Tunauliza nani aliweka kitu kibaya ndani."

Hapo ndipo alipogeuza kichwa. "Fundi wangu ndiye alichagua hizo soketi."

Alikuwa tayari ameshuku ni soketi, basi. Alishuku, na hakuniambia njiani, saa nzima nikiwa nimemshika mabegani kwenye hiyo pikipiki.

"Huyu binti yetu?" mwenyekiti akauliza.

Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Si yeye alisomea redio?" Mwingine akamjibu, "Basi tutakunywa habari za saa moja." Wakacheka tena, na siwalaumu, ilikuwa inachekesha. Mama yangu hakucheka. Aliinuka juu ya mtungi wake, akapiga goti la kushoto kwa kiganja kama anavyofanya likimkatalia, akauchukua mtungi, akashika njia ya mtoni. Sidhani alikuwa amenikasirikia. Alihitaji maji tu. Hilo ndilo lililoniuma. Hata hakuwa na nafasi ya kukasirika.

Asubuhi iliyofuata nilifika karakana kabla ya bosi. Nikatoa ile soketi ya kumi, ile iliyokufa, kutoka kwenye mkebe wa vyuma chakavu. Nikaivunja kwa koleo. Nilikuwa nataka kuvunja kitu, huo ndio ukweli, sikuwa natafuta elimu.

Ikapasuka, na ndani haikuwa tupu. Kulikuwa na pete nyeusi ndogo, ndogo kama dengu, na kila pete imezungushiwa nyuzi za shaba nyembamba kuliko nywele. Zilifanana na shanga. Nikaziangalia kwa lenzi. Uzi unatoka pini ya kwanza, unazunguka pete, unarudi pini ya pili. Uzi mwingine unatoka kwa meno ya upande wa kebo, unazunguka pete hiyo hiyo, unarudi kwa meno. Nyuzi hizo mbili zimekumbatia pete moja na hazigusani popote.

Nikaketi.

Ilikuwa transfoma. Mzee wa redio alinifundisha transfoma kabla hajaniruhusu kumchemshia chai. Umeme wa ukutani unazunguka upande mmoja, wa redio unazunguka upande mwingine, na habari inavuka kwa nguvu ya sumaku bila waya kugusa waya. Nikipima transfoma ya redio nikakuta upande wa ukutani unalia na upande wa ndani, naitupa mbali, kwa sababu itaua mtu. Hilo nalijua nikiwa nimelala. Na nilipoletewa kitu hicho hicho kikiwa kidogo, ndani ya kisanduku cha bati chenye taa mbili, nilikiita maiti kwa sababu kilikuwa kinafanya kazi yake. Kazi yake ni kutolia. Kazi yake ni kuuacha ule umeme mbaya wa nje ubaki nje. Nilizirudisha tisa za kweli dukani na nikachukua tisa kavu, matundu matupu yenye waya ulionyooka, na kuulehemu waya huo moja kwa moja hadi kwenye chipu. Niliifungulia radi mlango na kuipa kiti.

Nikikasirikia shule niliyoikosa nitakuwa nadanganya. Hili sikulikosa. Nililijua.

Bosi alipoingia nilimwekea zile pete mezani.

"Ulikuwa unajua hizi?"

Akazitazama, akavua kofia ya pikipiki polepole. "Ndio koili zenyewe."

"Ulikuwa unajua kwamba hazifai kulia?"

Akatoa simu, akafungua karatasi ya watengenezaji, akanionyesha mchoro. Imo. Nyuzi mbili zimekaa uso kwa uso, mstari katikati, na hakuna kinachouvuka. Hata mimi niliusoma papo hapo, kwa sababu ni mchoro wa transfoma. Angenionyesha siku ile ya kwanza tusingekuwa hapa.

"Tulifundishwa mwaka wa pili," akasema.

"Na nilipokupigia nikasema hazilii? Nikasema moja na mbili zinalia?"

"Nilikuwa juu ya mabati."

"Najua. Nilisikia nyundo."

"Wewe ukiniambia kitu kimekufa, mimi sibishani. Hujawahi kukosea. Nilisikia 'zimekufa', basi, zimekufa."

Nilitaka kumrushia koleo, na kilichonizuia mkono ni kwamba alikuwa akinisifu. Alikuwa anasema kweli kwamba aliniamini. Nikatafuta pa kushika.

"Mbona hukusema hivyo Mwala? Kwamba nilikuuliza ukaniambia nichukue zinazoingia kwa matundu?"

"Niwaambie sikuangalia? Ni mimi niko na jina kwa huo mkataba."

"Na mimi niko na mama kwa hiyo foleni."

Akatundika kofia yake. Kisha akasema kwamba radi ikipiga karibu kabisa hata zile zenye koili haziponi. Hilo ni kweli, na nalikubali, lakini haikuwa saa ya kulisema.

Halafu akaniambia mpango wake. Kwenye droo kulikuwa na bodi mbili za akiba, mbili tu, nyingine hazikuwa zimeagizwa. Na soketi kavu zilibaki saba. Nilehemu mbili leo, kesho maji yatoke, kamati inyamaze. Zile za kweli tutazibadilisha tukipata nafasi.

"Tukipata nafasi ni lini?"

"Usinianzie. Watu hawana maji. Mama yako hana maji."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nilimpigia mwenye duka hapo hapo. Zile tisa alisharudisha Nairobi, nyingine zingechukua wiki moja, labda na siku. Kwa hivyo lililokuwa mbele yangu lilikuwa jambo rahisi. Nikichomelea kavu, mama analala kesho akiwa na maji, na radi ikirudi bodi za mwisho zinakwenda na hakuna nyingine mpaka nani ajue. Nikingoja, mama anachimba mchanga wiki nzima kwa sababu ya mita yangu. Na mawingu yalikuwa yamekaa upande ule ule.

"Sichomi," nikasema.

"Unasemaje?"

"Kavu sichomi. Choma wewe."

Katika miaka yote niliyofanya kazi pale sikuwahi kumkatalia kitu. Alichukua chuma cha kulehemu, akakiwasha, akakishika kama kalamu. Mikono yake hutetemeka, tangu zamani, wala si kwa hasira. Akakiangalia kikitoa moshi. Akakizima, akatoka nje, akakaa juu ya pikipiki yake akiongea na simu kwa sauti kubwa mambo ambayo hayakunihusu. Lakini hakuleta mtu mwingine wa kuchoma. Angeweza. Mafundi wa kuchoma mjini ni wengi.

Nikampigia mama.

"Mwaitu, nilikosea. Nilichagua soketi mbaya. Ilikuwa mimi."

"Nilisikia. Sikuwa nimelala pale."

"Zile nzuri zitachukua siku saba, labda nane."

"Na ukiweka tena zile mbaya?"

"Kesho utakuwa na maji."

"Halafu?"

"Halafu radi ikirudi tunaanza upya, na hakuna bodi nyingine."

Nilisikia kuku. Halafu akasema, "Sasa unaniuliza mimi? Si wewe ndiye fundi?"

Maneno ya bosi yale yale, ya juu ya mabati. Lakini bosi aliyatumia kuniondoa masikioni mwake, na mama alinyamaza akangoja jibu.

"Tungoje," nikasema.

"Haya. Nitatafuta kikombe changu."

Ningependa angenifokea. Siku hizo nane nilikuwa nikimpigia asubuhi na hakutaja mgongo hata mara moja, na kila asipoutaja nilikuwa naipiga meza teke. Jumapili moja ilikuwa katikati, na alikwenda kanisani, na watu wakamuuliza kama binti yake bado anatengeneza redio. Alinieleza hilo akicheka. Mimi sikucheka.

Soketi zilipofika nilikwenda na mita yangu. Mwenye duka akaiona akainua mikono. "Mama, nakuonya kabisa, ni za namba ile ile uliyonipa, na nimejaribu moja. Hailii."

"Ndio nataka."

"Siku ile ulizitupa hapa ukaziita maiti!"

"Nilikosea."

Nikaziweka juu ya kaunta moja moja. Jino la kwanza na pini ya kwanza, kimya, vizuri. Pini ya kwanza na ya pili, tii, vizuri. Ya tatu na ya sita, tii. Kisha kila soketi nikaipima uzito kiganjani, hivi tu, kama mtu anayechagua yai. Moja kati yake haikulia kati ya pini ya tatu na ya sita, nikaiweka kando. Hiyo ndiyo ilikuwa imekufa kweli. Nikamweleza yeye pia, nikamchorea nyuma ya risiti, pete moja na nyuzi mbili.

Akaufikiria mchoro. "Sasa zile tisa nilizomrudishia mtu wa Nairobi nikimwita mwizi?"

"Zilikuwa nzima."

"Na nilimwita mwizi mbele ya bibi yake."

Sikuwa nimefikiria hilo. Kosa langu lilikuwa limetembea mbali kuliko nilivyokuwa nimelihesabia. Nikamwomba radhi, akasema nimwombe huyo mtu, nikaomba namba yake, akasema niache ujinga.

Siku ya kufunga Mwala kamati ilikuja, na foleni ilikuja na mitungi bila kuitwa. Pampu ikaamka. Maji yakapiga chini ya tangi kwa ule mlio ambao kila mtu pale anaujua, watu wakapiga makofi. Bosi akasimama mlangoni, mahali pale pale.

"Tumebadilisha soketi," akawaambia. "Tumechagua zenye kinga ndani."

Mwenyekiti akamshika mkono, akamshukuru. Nilikuwa nimeinama, nafunga skrubu ya kifuniko, na nilisikia sauti ya mama kutoka kwenye foleni.

"Nani amechagua?"

Mama hakurudia. Aliweka mtungi wake chini tu, kama mtu anayesema anaweza kungoja. Bosi akaangalia viatu vyake.

"Fundi wangu," akasema.

Nikainuka. Sikuwa nimepanga kuongea, na mbele za watu ulimi wangu huwa mzito, lakini nilisema. Niliwaambia kwamba za kwanza pia nilichagua mimi. Niliwaeleza habari ya mita, kwamba sisi mafundi tunajua kitu kizima kinalia, na kwamba hizi uzima wake ni kunyamaza, na mimi nilisahau nilichofundishwa. Nikawaomba msamaha wa hizo siku walizochimba mchanga. Niliwaambia pia kwamba radi ikipiga karibu sana hata hizi zinaweza kufa, wasije wakasema tuliwadanganya.

Kisha nikamwangalia bosi.

Sehemu yake ilikuwa imebaki pale, wazi, fupi, maneno mawili matatu. Simu. Paa. Zinazoingia kwa matundu. Ningeweza kuisema mimi, lakini isingekuwa yake tena. Nikamwachia. Akaniangalia, najua alielewa, kisha akainama, akachukua bisibisi yangu, akaanza kukaza skrubu niliyokuwa nimeshaikaza.

Tunafanya kazi pamoja hadi leo. Ananilipa kwa wakati, ananisifu kwa wageni, na siku hizi akiletewa soketi hunipa mimi kwanza na kuninyooshea mchoro bila kuombwa. Yote hayo nayaandika. Na kila siku nikimwona ameinama juu ya bodi naona ile skrubu, na nakasirika upya kama siku ile.

Jioni ya jana kulinguruma upande wa Mwala. Nikampigia mama nikamuuliza kama maji yapo.

"Yapo," akasema. "Radi inaongea na pampu inaongea. Niache niteke, foleni iko nyuma yangu."

Kile kikombe cha bati hajakirudisha kwenye msumari wake jikoni. Nilikiona nilipokwenda mwisho wa mwezi, kiko pale mlangoni, kimepinduliwa, na mchanga mkavu kwenye ukingo. Sikumwambia akirudishe.